Paka wa Pate hawana kesi

Maswali ya wasomaji kuhusu maradhi ya wanyama na watu

Barua za mwezi huu zimekuja kama mashtaka. Mmoja anamshtaki paka, mwingine punda, na yuko anayelishtaki birika la maji la nyumba ya kwao. Nimezisoma zote barazani kwetu Langoni, mjini Lamu, jioni tatu mfululizo. Kazi yangu ya kila siku ni kutazama damu za watu na vinyesi vya wanyama, na kuuliza ni maradhi gani yanavuka kutoka bandani hadi chumbani, na yapi hayavuki. Tukikosea hapo, ama anauawa mnyama asiye na hatia, ama anazikwa mtu ambaye angepona.

Naanza na barua ya Mokowe, kwa sababu haingojei.

*Mwanangu wa miaka sita aling'atwa kisigino na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Jirani alimpaka pilipili na mafuta ya taa. Sasa kidonda kimekauka na mtoto anacheza. Bado anahitaji sindano?*
Baba, Mokowe

Ndugu yangu, mimi na wewe tulizungumza kwa simu siku ileile barua iliponifikia, na nilishukuru Mungu kusikia mtoto ameanza sindano. Nakujibu hapa kwa ajili ya wazazi wengine, maana alilolifanya jirani yako hufanywa kila mji, na hufanywa kwa mapenzi.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Kikishaingia jerahani hushika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Kwa hiyo kidonda kikikauka usidhani mambo yamekwisha: ngozi imefunga na mgeni yuko njiani. Dalili zikishatokea, mtoto akawa anaogopa maji na koo linamkaza, hospitali haina tena cha kumfanyia ila kumtuliza. Nimeshuhudia hivyo mara moja, na sitaki kushuhudia tena.

Anayeng'atwa aoshwe hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa. Kirusi hiki kimejifunika ganda la mafuta, na sabuni huliyeyusha. Pilipili na mafuta ya taa huchoma nyama tu, na mtoto akalia bure. Kisha twende hospitali siku hiyohiyo, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Najua nauli ya boti ni mzigo, na najua wengi huacha baada ya sindano ya pili mtoto akiwa anaonekana mzima. Msiache.

Na ukiambiwa dawa imekwisha, usiondoke bila kujua ni wapi ipo. Jamaa yangu mmoja alirudishwa na kituo kimoja kwa maneno ya "njoo Jumatatu", na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tulimvusha usiku uleule kwenda kutafuta kwingine.

Kwa aliyechelewa siku moja au mbili: usikae nyumbani ukajilaumu. Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyechanjwa na Louis Pasteur mjini Paris tarehe 6 Julai 1885, alikuwa ameng'atwa siku mbili kabla, na aliishi mpaka akawa mtu mzima. Na mjue kwamba paka na hata punda huweza kupata kichaa hiki na kukiambukiza.

*Babu yangu ana busha na shangazi yangu ana mguu wa matende. Hapa kwetu kuna wanaosema maradhi haya yanatoka kwa paka, kwamba zamani wazungu walikuja kisiwani wakapasua paka wakakuta minyoo ya matende ndani. Kuna vijana wanataka kuwamaliza paka kwa sumu. Ni kweli?*
Mjukuu, Siyu

Mjukuu, waambie vijana waiweke chini hiyo sumu, halafu uwasomee haya.

Hadithi mliyopokea si uzushi mtupu. Imepotea mwisho wake tu. Miaka ya 1950 watafiti walifanya kazi ya matende hapo kisiwani kwenu, na hawakupima watu peke yao, walipima na wanyama. Mwaka 1958 watatu kati yao, Buckley, Nelson na Heisch, waliandika kwamba ndani ya mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate wamemkuta mnyoo mwembamba ambaye hakuwa ameandikwa popote duniani. Baadaye akaonekana kwa komba pia. Mishipa ya limfu ni ile mifereji myembamba inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na ndimo hasa anamokaa mnyoo wa matende wa binadamu. Kwa hiyo unaona walivyoshtuka. Miaka hiyohiyo, kule Malaya, ilikuwa imejulikana kuna mnyoo wa jamaa hiyo anayeishi kwa watu, kwa paka na kwa kima. Kama mambo yangekuwa hivyo Pate, kutibu watu peke yao kungekuwa kuteka maji kwa pakacha.

Mnyoo yule akapewa jina la kisiwa chenu. Kwanza aliitwa Wuchereria patei, kisha mwaka 1960 Buckley akamhamishia ukoo mwingine, na hadi leo anaitwa Brugia patei. Jina la Pate limo ndani ya vitabu vya minyoo vya ulimwengu mzima, na nikiwauliza watoto wa shule wa Siyu na Faza, hakuna aliyewahi kuambiwa. Hilo linaniuma, kwa kweli.

Sasa mwisho wa hadithi, ule uliopotea njiani. Mnyoo wa paka ni wa paka. Anayeleta busha na matende kwetu ni mwingine, Wuchereria bancrofti, na huyo hana mnyama wa kumhifadhi. Anahitaji mtu na mbu, basi. Ukiwaweka watoto wa minyoo hawa wawili chini ya hadubini, ni ndugu wanaofanana sana, wote wamevaa ala nyembamba kama ganda la kitunguu. Tofauti iko mkiani. Wa binadamu, ncha ya mkia wake ni tupu, nyeupe. Wa paka ana chembe nyeusi nchani hasa, kama nukta mbili za wino. Nilipokuwa mwanafunzi nilikesha na nukta hizo. Mwalimu wangu aliniambia nisiandike neno lolote kabla sijauona mkia, na mpaka leo sijaandika kabla ya kuuona.

Usiku wa kwanza nilioenda kupima damu kisiwani Pate tulishukia Mtangawanda jua likizama. Mpaka tumefika kijijini, tumesalimiana, tumepewa chai, ilikuwa imefika saa nne. Tukakaa barazani na kandili, tukaanza kuchoma vidole. Mzee mmoja mwenye fimbo akasimama akatutazama kwa muda, halafu akaniuliza: "Mwanangu, kazi gani hii ya halali ifanywayo usiku?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Damu inayochukuliwa gizani na wageni, nani asiyeingiwa na shaka?

Nikamweleza kwamba watoto wa mnyoo huyu mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Ukimchoma mtu kidole saa sita za mchana huoni kitu, unamwambia mzima, anaenda zake na maradhi yake. Usiku ukiingia huteremka kwenye damu ya ngozini, kwa sababu mbu wao ni wa usiku. Mbu akipiga hodi, wao wako mlangoni. Patrick Manson, daktari wa Uskoti aliyekuwa Amoy nchini China, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba mbu humeza watoto hao na wakakua mwilini mwake. Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu kinachofanya kazi hata mchana, na wazee wamepumzika. Lakini usiku ule hatukuwa nacho.

Yule mzee akanyoosha kidole chake cha kwanza. Nikatandaza tone kwenye kioo, nikamwita atazame. Hapo huoni mnyoo kwanza. Unaona chembe nyekundu za damu zikisukumwa huku na huku, kama watu sokoni wanapompisha punda mwenye mzigo, na bado punda mwenyewe humwoni. Kisha anajitokeza: uzi wa kioo, anajikunja na kujikunjua ndani ya ala yake mithili ya mkono wa mtoto ndani ya kanzu ya baba. Mzee aliinama juu ya hadubini muda mrefu. Alipoinuka akasema, "Kumbe ana uhai." Akaenda kuwaamsha wanawe.

Basi, Mjukuu, kesi ni ya mbu. Vyandarua, mashimo ya choo yaliyofunikwa, maji machafu yasiyotuama. Na dawa za kumeza zinapoletwa, kila mtu azimeze, hata asiyehisi lolote, kwa kuwa mwenye minyoo damuni mara nyingi hana dalili, na ndiye anayemlisha mbu. Mwaka 2018 watu wa Lamu walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kupewa dawa tatu kwa pamoja kwa ajili ya maradhi haya. Nilisikia wengi wakizitia mfukoni na kuzitupa njiani. Naomba tusirudie.

Shangazi yako aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji baridi, aukaushe vizuri hasa katikati ya vidole na kwenye mikunjo, aulaze juu ya mto akipumzika, na kila mchubuko autibu mapema. Mguu hautarudi wa usichana, lakini homa zile za kumwangusha zitapungua sana, na harufu itaondoka.

Kuhusu babu yako nataka kusema zaidi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pate, na alikaa na busha tangu kabla mimi sijazaliwa. Aliacha kwenda msikitini Ijumaa kwa haya, akawa anasali chumbani. Kila mtu mjini alijua na kila mtu alinyamaza, tukidhani kunyamaza ndiko kumstahi. Busha hupasuliwa. Ni upasuaji wa kawaida ambao hospitali nyingi huufanya, na mtu hurudi kwake akatembea. Babu alifariki bila mtu kumwambia hivyo. Mwambie babu yako leo, na kama unaona haya, mpe gazeti hili alisome mwenyewe.

Na paka waacheni wakamate panya.

*Mimi ni hamali, nina punda watano. Mke wangu amejifungua juzi. Mama mkwe ananizuia kuingia ndani na nguo za kazi, anasema pepopunda inatoka kwa punda. Mbona punda wangu wote wazima?*
Mwenye punda, Matondoni

Hongera kwa mtoto, Mungu amkuze. Na umsikilize mama mkwe.

Waliotupa neno pepopunda waliona jambo la kweli. Bakteria wa maradhi haya huishi tumboni mwa punda na farasi bila kuwadhuru, wakatoka na kinyesi, wakajifunga kwenye ganda gumu na kukaa mchangani miaka mingi. Ukame hauwaui. Wanangoja kidonda kirefu kisichopata hewa, na kwa mtoto mchanga kidonda hicho ni kitovu. Humo ndani hutengeneza sumu inayokaza misuli: taya linafunga, mtoto anashindwa kunyonya, mgongo unapinda kama upinde. Punda wako wazima kwa sababu bakteria akiwa tumboni mwao hana neno. Akiwaingia kidondani, nao wanaumwa. Tena jamii ya punda na farasi ni katika wanyama wanaodhurika sana na sumu hiyo.

Mimi ni mtoto wa hamali. Baba alikuwa na punda wanne, akibeba matumbawe na boriti kwa shogi, na kila jioni alikuwa ananawa mikono mpaka viwiko na miguu mpaka magoti penye kisima cha nje kabla ya kuvuka kizingiti. Sisi tulidhani ni udhu wa magharibi. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba baba alipoteza mdogo wake wa siku nane kwa pepopunda, na tangu hapo hakuingia ndani na mavi ya punda miguuni hata siku moja.

Kitovu kisipakwe kitu chochote cha kienyeji, si majivu, si udongo, si samli. Kiachwe kikavu na safi, au kipakwe dawa uliyopewa kliniki. Mkeo ahakikishe chanjo zake zimetimia, kwa kuwa kinga ya mama humfikia mtoto akiwa tumboni. Wewe pia uchanjwe, maana hamali hakosi msumari. Na punda wako nao wachanjwe, hasa kama wana vidonda vya shogi mgongoni. Hospitali ya punda iko pale ufukweni mwa mji wa Amu, yaani Lamu mjini, tangu 1987, na madaktari wake hawamfukuzi mtu.

Kuna jambo moja ambalo huwa namweleza kila mwenye punda. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga ya pepopunda huweza kumkinga mwingine. Baada ya hapo farasi ndio waliotumiwa kutoa dawa hiyo, na kwa miaka mingi watu waliojeruhiwa waliokolewa na maji ya damu ya farasi. Ukoo uleule unaobeba maradhi ndio uliotoa tiba.

*Nilikuwa nawashwa mwili mzima. Rafiki akanipa dawa ya minyoo ya punda, ile ya bomba, nikameza kidogo. Nikapata kizunguzungu siku nzima. Ni sumu?*
Kijana, Shela

Mdogo wangu, dawa yenyewe si sumu, ila kipimo ulichomeza hakikuwa chako. Iliyomo ndani ya bomba lile ni ivamektini, na hiyohiyo imo kati ya zile dawa tatu za matende nilizozitaja hapo juu. Ilitokana na bakteria waliopatikana kwenye udongo wa Japani, alikowakusanya Satoshi Ōmura. William Campbell akaipima kwa wanyama huko Marekani, ikaanza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, na kuanzia 1987 ikatolewa bure kwa watu wenye usubi, maradhi ya minyoo yanayopofusha macho. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini bomba la farasi limepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa, na "kidogo" chako huenda kilikuwa dozi ya watu watatu au wanne. Tena kinachokuwasha hakijajulikana. Inaweza kuwa upele, inaweza kuwa ukungu wa ngozi ambao dawa hiyo haiugusi kabisa. Kama kwenye nyayo au makalio una mstari mwekundu unaotambaa kidogo kila siku, huyo ni mnyoo wa safura wa mbwa au paka, uliyempata ulipokaa kwenye mchanga wenye vinyesi vyao. Huyu kweli anatoka kwa paka, na namsema wazi. Hupotea njia ndani ya ngozi yetu, hawezi kukua, hatimaye hufa. Tiba yake ni vidonge vichache kutoka kwa daktari wa watu.

*Nyumba ya kwetu ina birika la kale la chokaa. Fundi anataka alivunje tuweke tangi la plastiki, anasema birika ndilo lililotuletea ile homa ya mwaka 2004. Tuvunje?*
Mama, Mkomani

Usivunje, dadangu.

Mwaka ule naukumbuka vizuri. Watu walikuwa wanatembea mjini wameshika kuta. Mama yangu alishindwa kufungua kifuniko cha sufuria, vidole vimevimba, na alikuwa mwanamke wa kukuna nazi sita kwa mkono mmoja. Watafiti walipopima damu baadaye walikadiria kwamba kama robo tatu ya wakazi wa mji wa Lamu walipata chikungunya. Kutoka kwetu ilishuka Mombasa, na mwaka uliofuata ikawa Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lilichukuliwa kusini mwa Tanganyika ilipozuka mwaka 1952, na maana yake ni kile kinachokukunja. Hakuna aliyeumwa Amu akahitaji kuelezwa.

Kilichotokea 2004 ni ukame. Visima vilipungua, watu wakaweka maji ndani kwa siku nyingi katika kila chombo kilichopatikana: madumu, ndoo, mitungi, mapipa. Mbu anayebeba chikungunya, Aedes aegypti, hapendi mtaro. Anapenda maji safi ya nyumbani yaliyotulia, na anauma mchana. Kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidia.

Lakini mkumbuke birika la nyanya zetu lilikuwa na nini ndani yake. Samaki wadogo! Kwa nyanya yangu walikuwa watano, na chini ya birika limezikwa bakuli la kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Sisi watoto tulipigwa marufuku kuwashika. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi, na nyanya alijua hilo bila kusoma karatasi ya mtafiti yeyote. Mabirika yaliyobaki mjini leo mengi hayana samaki. Rudisheni samaki, funikeni kwa ubao au kitambaa kizito, na tangi la plastiki likiletwa nalo lifunikwe, maana mbu hachagui kati ya chokaa na plastiki.

Na kwa kuwa tuko kwenye mbu, nimeshindwa kulinyamazia moja ninalolipenda. Huko kwenye mikoko yetu kuna mbu wa mashimo ya kaa, Aedes pembaensis. Mayai yake yalitafutwa sana hayaonekani, hadi mwaka 1957 Goiny, van Someren na Heisch, yule Heisch wa paka wa Pate, walipoandika kwamba wameyakuta juu ya kaa mwenyewe. Mbu anataga juu ya kaa, na kaa anayashusha majini. Kila nikipita mikokoni maji yakiwa yametoka, huinama nikawatazama kaa miguu.

*Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu na ndani tuna paka wawili. Daktari kasema wapimwe. Tuwatoe?*
Mume, Langoni

Jirani, si lazima. Kimelea anayeogopwa anaitwa toksoplazima. Alipatikana Tunis mwaka 1908, kwa mnyama mdogo kama panya, na ikachukua hadi karibu 1970 kujulikana kwamba paka ndiye anayemtoa kwenye kinyesi. Paka hutoa mayai hayo kwa wiki chache tu za maisha yake, na yakitoka huhitaji siku moja mpaka tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na ukiondoe wewe, si yeye. Mkeo asile nyama isiyoiva, na mboga na matunda ayaoshe vizuri, kwa sababu wengi huambukizwa kwa chakula kuliko kwa kumshika paka. Kumpapasa paka hakuna neno.

*Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Faza. Nataka kazi kama yako. Lazima niwe daktari? Nianzie wapi na hapa hatuna hadubini?*
Mwanafunzi, Faza

Mwanangu, si lazima uwe daktari wa watu. Kuna waliosomea mifugo, kuna waliosomea wadudu, kuna waliosomea hesabu tu na tunawategemea kuliko unavyodhani. Shika biolojia na hesabu, na Kiingereza usikidharau, maana ripoti nyingi zimeandikwa humo. Uvumilivu utaupata ukiwa kazini.

Hadubini itakuja. Kwa sasa tafuta sahani nyeupe, kijiko na daftari. Ijumaa hii baada ya chakula, zunguka nyumbani kwenu na kwa jirani wawili watakaokuruhusu. Kila chombo chenye maji, chota kijiko, mimina kwenye sahani, hesabu viluwiluwi. Andika chombo gani, kimefunikwa au hakijafunikwa, maji yamekaa siku ngapi, na idadi uliyoona, hata kama ni sifuri. Sifuri usiiache, nayo ni jibu. Rudia kila Ijumaa kwa wiki nne, vyombo vilevile. Kisha nipelekee daftari kwa boti ya asubuhi. Pale gatini uliza nyumba ya binti wa hamali mwenye chupa za minyoo, utaonyeshwa.